Nani Aingie Aishike Simu

Karatasi ile ilikuwa na rangi tatu, na kila rangi ilikuwa mpango wake wa simu ya mkononi. Kijani ilikuwa ya mwenye biashara, buluu ya familia, nyekundu ya mtu anayesafiri mara kwa mara. Niliisoma nikiwa nimeegemea kaunta ya duka la redio mjini Kisii, mwaka wa tisini na tisa, na nilipofika kwenye nyekundu nikajua hii imeandikwa kwa ajili yangu. Nilikuwa muuzaji wa vitabu vya shule. Siku tano kwa wiki nilikuwa barabarani na pikapu ya kampuni, leo Suneka na Homa Bay, kesho Ogembo na Kilgoris, keshokutwa Migori, nikiwabembeleza walimu wakuu wanunue vitabu vya hesabu.

"Hii nyekundu inashika Migori?" nikamuuliza mwenye duka.

"Bado."

"Kilgoris?"

"Bado, Mwalimu." Aliniita Mwalimu kwa sababu ya vitabu, na sikuwahi kumsahihisha.

"Basi Ogembo. Ama kwangu Nyamira."

"Hata hapa umesimama haishiki. Inashika Nairobi. Nakuru pia nasikia, lakini sijui."

Nilipandwa na hasira pale pale. Mpango wa msafiri, na mwenyewe akishatoka Nairobi simu yake inakuwa kipande cha plastiki mfukoni! Na bei ya hicho kipande ingenunua ng'ombe wawili wa gredi wenye maziwa. Nikamuuliza huyo msafiri wao husafiri wapi. "Labda kutoka sebuleni mpaka jikoni," akasema, naye hakucheka, maana alijua kwa nini nilikuwa naulizia simu.

Alijua kuliko mtu yeyote. Mwaka uliotangulia mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimi nilikuwa Migori. Uchungu ulimjia mchana akiwa peke yake nyumbani kwetu, juu kwenye vilima vya Nyamira. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake na hakuishi hata saa moja. Habari ilipelekwa kwenye duka hili hili, kwa kuwa simu ya dukani ndiyo iliyokuwa simu ya nusu ya wateja wake. Mwenye duka akapiga Migori, kwenye nyumba ya kulala wageni, akaambiwa nimeshaondoka. Akapiga shule mbili. Akampa dereva wa basi barua. Barua ile ilinizunguka siku mbili kama kuku anayetafuta pa kutaga, ikanipata siku ya tatu. Nilifika nyumbani nikakuta kaburi dogo limeshafunikwa na majani ya ndizi, na mke wangu amelala akitazama ukuta. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Sasa alikuwa na mimba tena, ya miezi mitano. Nilikuwa nimemwahidi kwamba safari hii nitapatikana, hata niwe wapi. Hiyo ndiyo ahadi niliyokuwa nayo mkononi pamoja na ile karatasi ya rangi tatu.

"Sikia, Mwalimu," mwenye duka akasema. Baba yake na babu yake walikuwa wameuza bidhaa katika duka lile lile, na Ekegusii chake, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa safi kuliko changu, lakini mambo ya biashara tuliyazungumza kwa Kiswahili. "Wewe unatembea, nyumba haitembei. Weka simu ya waya nyumbani, halafu wewe ndiyo upige. Kila siku saa ile ile. Ukiwa Ogembo unapiga, ukiwa Migori unapiga. Kwani lazima wao ndiyo wakutafute?"

Nilimwona ni mtu mwenye akili nyingi. Nikamrudishia karatasi yake.

Sitasimulia yote niliyopitia kuipata ile laini, maana hata leo nikikumbuka kichwa kinaniuma. Fomu nilijaza mara mbili kwa sababu ya kwanza ilipotea. Niliambiwa nguzo hakuna, kisha nguzo zipo lakini waya hakuna, kisha waya upo lakini gari la kuuleta limeharibika. Nilikwenda na pikapu ya kampuni kuubeba waya mwenyewe, kinyume cha kanuni zote za kampuni. Jirani mmoja akakataa nguzo isisimame kwenye chai yake, nikambembeleza wiki nzima. Mwisho wa yote mafundi wawili walifika kwetu asubuhi moja, tumbo la mke wangu likiwa limeshafika miezi saba, wakauliza waiweke wapi.

Baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata, alikuwa ameketi nje kwenye kigoda chake. Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na dada zangu wote wameolewa, kwa hiyo bomani tulikuwa watatu tu: yeye katika nyumba yake ya zamani, mimi na mke wangu katika yetu ya bati na sakafu ya simiti, hatua thelathini kutoka kwake. Alinyoosha fimbo kuelekeza nyumba yake.

"Waiweke kule kwangu," akasema.

Nilikaribia kucheka. Nyumba ya Tata ilikuwa na moshi, kuku walilala chini ya meza, na yeye mwenyewe maishani mwake hakuwa amewahi kushika simu. Nikawaambia mafundi waiweke kwangu, sebuleni, kwenye meza ndogo yenye kitambaa alichofuma mke wangu. Nilimweleza Tata kwamba mkwe wake atakuwa karibu nayo mchana na usiku. Aliniangalia kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akarudi kuchonga kijiti cha meno. Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Basi mpango wangu ukaanza. Kila siku saa saba mchana, popote nilipo, nitapiga. Suneka kulikuwa na kibanda cha sarafu kilichomeza sarafu zangu kama mtu aliyekopa bila nia ya kulipa. Mjini Kisii nilinunua kadi ya simu, nikapanga foleni nyuma ya mtu aliyekuwa akimsimulia shemeji yake harusi nzima, kuanzia mchumba mpaka mapambo. Ogembo ilibidi upite kwa mama wa simu aliyekuwa nyuma ya dirisha, naye akipiga huku anakula ndizi, anakwambia, "Ngoja, bado wako bize huko juu." Hayo yote niliyavumilia. Jambo lililonitoa jasho ni kwamba nikishapata laini, simu ililia bila mtu kuishika. Ililia mara kumi, ishirini, mpaka ikakatika yenyewe. Siku tatu mfululizo nilisimama kibandani nikisikia simu yangu ikilia nyumbani mwangu, nami naona kaburi dogo na majani ya ndizi.

Ijumaa nilifika nyumbani nikiwa nimefura. Nilimkuta mke wangu akitandaza mtama juani.

"Kwa nini hakuna mtu anashika ile simu?"

"Juzi nilikuwa mtoni. Jana nilienda kliniki. Leo nilikuwa nyuma ya nyumba, nikifika ikanyamaza. Nikimbie na hili tumbo?"

"Na Tata? Ameketi hapa siku nzima na masikio yake mazima!"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Tata aingie wapi?" akauliza taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani ardhi inimeze. Mimi niliyezaliwa kwenye kilima hiki, niliyefunzwa heshima zetu nikiwa na miaka tisa, nilikuwa nimewaza nguzo na waya na kadi na saa saba mchana, nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa darasa la pili kwetu anakijua. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii hata mvua ikinyesha mawe. Hiyo ndiyo tunaita chinsoni, ile aibu ya heshima inayokaa kati ya mzazi na mtoto mzima, na zaidi sana kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Tata hawezi kuketi kwenye kiti changu. Hawezi kumuuliza mke wangu habari ya tumbo lake, wala mke wangu hawezi kumwambia linauma. Tumbo lenyewe lilikuwa likipita mbele yake kila siku, naye alipaswa kutazama ng'ombe. Ndiyo sababu alitaka simu iwekwe kwake, ambako yeye angeishika na kumwita mke wangu afike mlangoni. Na ndiyo sababu hakuweza kunieleza, kwa kuwa hata kuieleza ni kuivunja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimevunjika yote mawili.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya simu kuomba simu ihamishwe hatua thelathini. Niliambiwa hilo ni ombi jipya, na fomu yake ni ile ile ya kwanza. Nilitoka pale nikiwa nimeuma ulimi nisimtukane mtu.

Nikajaribu ujanja wangu. Waya wa ndani ulikuwa na urefu kidogo, nikaisogeza meza mpaka dirishani, nikamwambia Tata, "Sasa huna haja ya kuingia. Simu ikilia unapitisha mkono kati ya vyuma vya dirisha, unashika."

Alifikiri, kisha akaniuliza, "Mkono wangu ukiwa ndani, mimi nitakuwa nimebaki wapi?"

Nikairudisha meza mahali pake. Tukakubaliana jambo jingine: simu ikilia na mke wangu asiishike, Tata atashuka kwa jirani, mjane wa baba yangu mdogo, amwite aje aingie. Mpango mzuri, isipokuwa mjane yule alikaa chini ya mteremko na magoti yake yalikuwa mabovu. Wakipanda pamoja, wakipumzika njiani, wakilaumu tope, simu yangu ilikuwa imeshakatika na kadi yangu imekwisha. Mara moja tu mjane huyo alifanikiwa kuishika. Alisalimia watu wote wa Migori, akauliza bei ya samaki, na kabla sijamuuliza habari za mke wangu laini ikakatika.

Kitu kingine kiliniudhi wakati huo, na nakisema ingawa kinanifedhehesha. Tata alikuwa amehamisha kigoda chake. Miaka yote aliketi mlangoni kwake, jua la asubuhi likimpiga magotini. Lakini tangu mimba hii ionekane, alikuwa akiketi karibu na tangi letu la maji, hatua kumi tu kutoka mlango wangu. Nikirudi kutoka safari nilimkuta pale, kimya, akichonga kijiti. Nilijiambia mzee ameketi pale asikilize simu ikilia na asiishike, kama mtu anayesikiliza redio. Nilijaa uchungu usio na mahali pa kwenda, na siku nyingine nilimpita bila kumsalimia vizuri.

Wiki tatu kabla ya siku ya kujifungua tuliyoambiwa kliniki, nilikuwa Ogembo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na walimu wakuu wawili walikuwa wamenipa ahadi za wiki ijayo. Saa saba nilikuwa mbele ya mama wa simu. Alinipigia, akanipa mkono wa simu, akarudi kwenye chakula chake. Ililia mara nane. Nilikuwa naanza kukata tamaa kama kawaida wakati mtu alipoishika.

Sikusikia neno. Nilisikia mvua kwenye bati, na mtu akipumua kutoka mbali, kama ambaye amekishika kitu kile kichwa chini miguu juu.

"Halo! Nani huyo?"

Mvua tu. Kisha kitu kikagonga kitu, na sauti ikaja karibu, kubwa, ya kupiga kelele, kwa Ekegusii.

"Ni mimi. Niko ndani ya nyumba yako."

Ilikuwa sauti ya Tata. Hakuna maneno mengine ambayo angeweza kuniambia nikaogopa kiasi kile. Angesema nyumba inaungua, ningeuliza imeanzia wapi. Lakini Tata alikuwa amesimama kwenye sakafu yangu, na hilo likishatokea, hakuna haja ya kuuliza kama kuna jambo.

"Ni nini, Tata? Ni nani ameumia?"

Nilimsikia akijaribu kulisema na kushindwa. Hata pale, ndani ya nyumba yangu, jambo lenyewe halikuweza kupita mdomoni mwake.

"Leta gari," akasema. "Leta gari, mwanangu. Leta gari."

Kutoka Ogembo, kwa mvua ile, mimi mwenyewe nisingefika kabla ya muda wa saa mbili au zaidi. Nikamwomba mama wa simu anipigie duka la redio Kisii, na lazima uso wangu ulimtisha, maana aliiweka ndizi chini na kuikata laini ya mtu mwingine. Mwenye duka alishika mara ya kwanza. Nilimwambia maneno manne au matano. Aliijua njia ya kwetu, kwa kuwa alikuja kumzika mama na akaketi na wazee mpaka mwisho. "Naenda mwenyewe," akasema, na sikusikia hata akiiweka simu chini.

Niliendesha pikapu ile kwenye tope nikiwa natukana kila kitu: mvua, vitabu, karatasi ya rangi tatu, nguzo, fomu, na zaidi ya vyote mtu mmoja mwenye akili nyingi aliyeiweka simu mahali ambapo baba yake hawezi kufika. Nililia pia, sioni aibu kusema.

Nilipofika hospitali mjini, mwenye duka alikuwa ameketi kwenye benchi na viatu vyake vimekuwa matofali ya udongo. Alisimama haraka aliponiona. "Msichana," akasema. "Wote wawili wazima." Nikamkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo mimi na yeye hatukuwahi kulifanya.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Alikuwa ameteleza chumbani, uchungu ukamshika akiwa chini, akashindwa kuinuka. Alisikia simu ikilia sebuleni asiweze kuifikia. Hakumwita Tata, kwa kuwa hamwiti. Alijiziba mdomo na kanga ili asisikike. Kisha akasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na viatu. Baada ya simu, Tata alikuja mpaka mlango wa chumba, akageuka, akaupa mlango mgongo. Akaanza kuongea na ukuta. Aliuambia ukuta kwamba gari linakuja. Aliuambia kwamba ng'ombe mwekundu alizaa vibaya mwaka wa kiangazi na bado akasimama. Aliuambia mvua inapungua, ingawa haikuwa ikipungua. Aliendelea hivyo bila kunyamaza mpaka mwenye duka alipopiga honi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye sakafu ya simiti kulikuwa na alama za gambuti, tope la jana lililokauka, zikitoka mlangoni hadi kwenye simu, na kutoka kwenye simu hadi mlango wa chumba. Pale zilikuwa nyingi, zimekanyagana, na ncha zote zilielekea nje.

Tata alikuwa kwenye kigoda chake karibu na tangi. Nilimsalimia, safari hii vizuri. Nikamwambia ni msichana, naye akaitikia kwa kichwa akitazama ng'ombe. Akasema wazee wameshasikia, na huenda wakataka mbuzi kwa kosa lake, na kwamba mbuzi yupo. Nilimwambia hakukuwa na kosa. 

"Ile mara nyingine," akasema hatimaye, "nilikuwa mlangoni kwangu. Nikamsikia. Nikaja nikasimama hapa." Aligusa ardhi kwa fimbo, mbele ya kigoda. "Nilisimama hapa mpaka wanawake waliporudi kutoka kupeleka majani chai. Nilisimama tu."

Sikuwa nikilijua hilo. Mke wangu hakuwa ameniambia, na labda hata yeye hakujua. Nilitazama pale fimbo ilipogusa, kisha mlango wangu, hatua kumi, nikakumbuka siku zote nilizompita mzee huyu nikimhesabu mvivu anayesikiliza simu tu. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kwetu baba haombwi msamaha kwa jambo ambalo hamjawahi kulitaja. Nikaleta kiti changu kutoka ndani, nikakaa naye.

Mke wangu na mtoto walirudi siku ya tatu, kwenye gari la mwenye duka. Tata alisimama mbali, akangoja mpaka wakaingia ndani na mlango ukafungwa. Kisha akainama, akachukua kigoda chake, akakirudisha mlangoni kwake.